Haberstroh, Mtu Asiyestahimili Maji ya Moto Kumwagwa

Traugott Haberstroh alisimama mbele ya baraza la kijiji chetu akanisingizia kwamba mimi ndiye niliyeondoa chujio kwenye bomba lake. Hakulisema waziwazi, maana ni mtu wa kanisani. Alisema, "Chujio nililifunga kwa mkono wangu. Kama siku ile halikuwapo, wanaoshinda mle ndani ndio wanaojua." Aliyekuwa akishinda mle ndani ni mtu mmoja tu, na huyo ni mimi, Rosine Schwenk. Kwa maneno hayo nilinyang'anywa ufunguo wa nyumba ya kufulia ya Lauterweiler, pamoja na chumba cha juu yake nilichokaa tangu nifiwe na mume wangu. Na chujio aliliondoa yeye.

Nataka watu wamjue huyu Haberstroh alivyo, kwa sababu siku hizi Stuttgart nzima inamsifu.

Ni mwembamba kama fito, mabega yamepanda juu kama mtu anayesikia baridi mwaka mzima. Ni mtu wa kwetu, Mswabi, na kwetu kubana matumizi si jambo la kuchekwa, ni kama ibada. Lakini Haberstroh alipitiliza. Njiti ya kiberiti aliipasua mbili kwa wembe. Maji yaliyochemshiwa tambi aliyanywa, akasema yana nguvu. Wakati wa sala alizima mshumaa, kwa kuwa macho yamefumbwa na hakuna anayeutumia. Kazi yake ilikuwa uhandisi katika karakana ya injini kule bondeni, mtoni. Walikuwa wakitengeneza motokaa, na kila zilipokamilika walizileta kuzijaribu kwenye mlima wetu, kwa sababu ndio mkali kuliko yote ya karibu.

Nyumba ya kufulia iko juu kabisa ya mlima, kwenye chemchemi, mahali ambapo motokaa ilikuwa ikifika taabani. Nilizisikia kabla sijaziona. Kwanza kishindo, kisha kikohozi, kisha sauti kama ya sufuria iliyojaa kupita kiasi inayorusha kifuniko. Halafu wingu la mvuke, na ndani ya wingu wanaume wawili wakigombana.

Wa pili aliitwa Fidel Rombach. Huyu alikuwa Mbadeni, mtu wa jimbo jirani tusiloliamini, ametoka Mannheim, Mkatoliki, mnene, mcheshi, na hakuna kitu alichokipenda duniani kama kumwona Haberstroh akikasirika. Waliazima ndoo zangu, wakayatoa maji yaliyochemka kwenye injini, wakatia ya baridi. Wakati injini inapoa walikaa juu ya mapipa yangu niliyoyapindua wakala mkate na soseji, nami nikafua huku nawasikiliza, nipende nisipende.

"Acha yachemke, ndugu yangu," Rombach alikuwa akisema. "Mvuke ukipaa umeondoka na joto lake. Unatia maji mengine, unakwenda zako. Injini iko baridi, roho iko baridi."

"Na kila kijiji utasimama kuomba maji kama ng'ombe?"

"Ng'ombe naye hufika anakokwenda."

"Rombach, ninyi Wabadeni hata nyumba ikiwaungulia mtasema angalau tumeota moto."

Kilichomuuma Haberstroh si kuchemka kwenyewe. Kilichomuuma ni kumwaga. Alinieleza mara nyingi, mimi nikiwa na mikono ndani ya sabuni, kwamba petroli wanayoichoma ni kidogo sana inayozungusha magurudumu. Sehemu kubwa inakwenda kuyapasha moto yale maji, na maji wanayatupa. Alipomimina ndoo ya maji yale kwenye mfereji wangu alivua kofia. Ndiyo, alivua kofia kama anayezika.

Siku moja Rombach alibadili msimamo. Akachukua ubao wangu wa kufulia, ule wenye matuta, akamwekea mwenzake mbele ya pua.

"Tazama hapa. Tuache habari ya maji kabisa. Silinda iwe na matuta kama haya nje pande zote, upepo upite katikati yake, basi. Maji tumwachie Bi Rosine."

"Na motokaa ikipanda mlima polepole, huo upepo utatoka wapi?"

"Wewe utakuwa unaongea."

Nilicheka mpaka shati la mchungaji likanitoka mkononi. Haberstroh hakucheka. Alisema yeye anataka mabomba membamba mengi, mengi kama tambi kwenye bakuli, maji ya moto yapite ndani yake na hewa ipite nje, na maji yale yale yarudi kwenye injini yakiwa yamepoa. Tone lisipotee.

"Na nani atakuchomelea tambi zote hizo zisivuje?" Rombach akauliza. "Mama mkwe?"

Fundi ndiye aliyemkosa Haberstroh. Karakana haikutaka kumpa fundi wala shaba ya mabomba hayo mpaka athibitishe kwamba maji yanayorudi yanaweza kuipoza injini kutwa nzima. Na ili kuthibitisha bila zile tambi alihitaji hodhi kubwa la maji baridi. Nikamwona anaangalia hodhi langu la mawe, lile la kuogeshea ng'ombe wawili likitakiwa. Nikaona macho yake yanavyotembea kutoka hodhini hadi kwenye rundo la kuni zangu.

"Bi Schwenk," akasema, "siku ya ufuaji mkubwa unachoma kuni nyingi?"

"Nyingi kuliko ninavyopenda kuzitaja."

"Mimi nina joto ninalitupa. Wewe una ubaridi unautupa."

"Ubaridi nautupaje mimi?"

"Chemchemi hii! Usiku na mchana inapita bure!"

"Bi Rosine," Rombach akasema akitafuna, "mtu huyu akikwambia una kitu unakitupa, funga mlango kwa komeo."

Basi mpango ukawa huu. Siku ya ufuaji mkubwa motokaa itasimama mlangoni, injini ikinguruma. Bomba moja litayatoa maji ya moto kwenye injini liyalete hodhini kwangu, na bomba lingine litayavuta ya chini yaliyopoa liyarudishe kwenye injini kwa pampu. Yeye atapata ubaridi wake wa kutwa nzima, kijiji kitapata maji ya moto bila kuchoma hata kijiti. Mimi sikukubali wala kukataa, sikuwa na mamlaka. Haberstroh alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa kijiji, Bwana Dieterle. Kuni zile zilitoka kwenye msitu wa kijiji, na Dieterle aliposikia kwamba zitabaki msituni aliitisha baraza, baraza likainua mikono yote, na mmoja akainua yote miwili.

Hapa lazima niseme neno juu ya ufuaji wetu. Kwetu nyumba yenye heshima inafua shuka mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na ya kupukutika, na inajivunia hivyo. Mwanamke akionekana anafua shuka kila wiki, majirani wanajua kabatini kwake kumebaki mbili. Bi Dieterle, mke wa mkuu wa kijiji, alijivuna kuliko wote. Shuka zake zilikuwa na herufi za ukoo zilizotariziwa kwa uzi mwekundu, na zilipotandazwa majanini kukauka alisimama njiani ili wanaopita wapate wa kumsalimia. Kwa hiyo siku ya ufuaji mkubwa ndani ya hodhi langu hazikuingia nguo za wiki. Iliingia nusu nzima ya mwaka ya Lauterweiler.

Siku ilifika. Motokaa ikarudishwa nyuma mpaka mlangoni. Wanawake wakaja na vikapu, wakasimama mbali kidogo, maana mlio ule uliwafanya wazibe masikio. Nikaweka maji ya jivu, yale yanayong'oa uchafu, nikaweka sabuni, nikaweka shuka. Haberstroh alikuwa amefunga chujio la waya kwenye mdomo wa bomba la kuvuta, ili nguo zisiingie. Injini ikaanza kunguruma, na kusema kweli maji yakaanza kupata moto. Nilitia kiwiko nikasikia. Wanawake wakashangilia. Bi Dieterle akasema, "Bwana Mhandisi, wewe ungekuwa mwanamke ungekuwa mke wa maana." Haberstroh akavua kofia, safari hii kwa furaha.

Shida ikawa ni nyuzi. Shuka za kitani hutoa manyoya ya nyuzi, na chujio lilijaa upesi. Likijaa, maji hayapiti. Yasipopita, injini inapata homa. Kila mara Haberstroh alizima, akatia mkono, akalisafisha, akawasha tena. Kila akiwasha alilazimika kuanza upya vipimo vyake. Uso ukaanza kumwiva.

"Weka chujio pana zaidi," Rombach akamwambia. "Ukubwa wa sinia."

"Nitalipata wapi saa hii?"

"Basi tuache leo, tuje wiki ijayo."

"Wiki ijayo kutakuwa na shuka? Wiki ijayo hakuna shuka! Hakuna mpaka majira ya kupukutika!"

Wanawake walikuwa wamekwenda majanini kutayarisha mahali pa kuanikia. Ndani tulikuwa watatu. Haberstroh alivua koti, akakunja shati, akazamisha mkono hodhini mpaka begani, akalichomoa lile chujio. Akalikung'uta, akalitia mfuko wa suruali. "Kwa dakika chache tu," akasema. "Nataka nione joto linatulia wapi." Mimi niliona. Rombach aliona, kwa sababu alisema, "Haberstroh, hapo unaomba balaa," na Haberstroh akamjibu, "Wewe shika pampu."

Kilichoingia bombani ni kofia ya kulalia ya mkuu wa kijiji. Ile ndefu, yenye kishada. Niliiona inazunguka juu ya maji kama inayotafuta mwenyewe, kisha ikaingia chini, kishada kikaaga, ikatoweka.

Kwanza injini ilinyamaza kidogo, kama mtu aliyepaliwa. Kisha ikaanza kutetemeka. Yale maji ya jivu yalikuwa yameshapita ndani yake tangu asubuhi, yakiosha grisi yote ya kwenye pampu na mabomba, na jivu likikutana na mafuta, mnajua, linafanya sabuni. Povu likaanza kutoka mbele ya motokaa. Likatoka kwenye maungio, likatoka chini ya kiti, likapanda mpaka kwenye usukani.

"Zima!" Rombach akapiga kelele.

"Subiri, nisome kipimajoto!"

"Zima, we mtu! Unafua motokaa!"

Haberstroh alikuwa amepiga magoti ndani ya povu, miwani imejaa povu, anasoma kipimajoto kwa kidole. Halafu kofia ikaachia. Ilirudi kwa njia iliyoingilia, na nyuma yake yakaja maji yote yaliyokuwa yakichemka ndani ya injini, na kutu yote ya chuma, na uchafu mweusi ambao sijui jina lake. Yote yaliingia hodhini mwangu, juu ya nusu mwaka ya Lauterweiler.

Shuka zilitoka na rangi ya chai ya jana. Si doa hapa na doa pale, hapana, zilikoga vizuri kabisa. Tulizifua tena, tukazianika juani, tukazinyunyizia maji, rangi ikakaa pale pale. Mkuu wa kijiji alilala juu ya magunia ya unga mpaka mkewe alipopata kitani kipya, na waliomwona akinawa kisimani walisema jina la kinu cha kusagia, lililoandikwa guniani, limempiga chapa mgongoni. Kofia ilipona. Ilikuwa imeiva ikawa ndogo, inamtosha paka.

Mimi nilicheka wakati huo. Sikujua kwamba mwisho wake ni wangu.

Baraza lilipokaa, watu walitaka motokaa zipigwe marufuku kupanda mlima. Moja kwa moja, kabisa. Na Haberstroh alijua karakana ikiukosa ule mlima, yeye ndiye atakayeulizwa, na tambi zake za shaba zimekufa. Ndipo aliposimama na kusema yale niliyoyataja mwanzo.

Nikasimama. "Aliliondoa yeye," nikasema. "Akalitia mfuko wa suruali."

"Una shahidi?" Dieterle akaniuliza.

"Bwana Rombach alikuwapo."

Watu wote wakamgeukia Rombach. Mtu yule ambaye sijapata kumwona amekosa neno, siku hiyo alikuwa akichunguza ndani ya kofia yake kama amedondosha kitu humo. "Mimi nilikuwa nikitazama injini," akasema.

Dieterle akasema motokaa ziendelee kupanda, maana chombo hakina kosa, kosa ni la aliyekuwa na dhamana ya hodhi. Ufunguo ukachukuliwa pale pale mezani. Sasa anao binamu wa Bi Dieterle, ambaye sabuni anaijua kwa kuiona.

Nilishuka bondeni nikapata kazi ya kuosha vikombe katika mkahawa mmoja mjini Cannstatt. Ghorofani pake kuna ukumbi, na ukumbini hukutana chama cha wahandisi. Hilo sikuliuliza nilipopewa kazi.

Wahandisi wakikutana, hawakutani kama watu wengine. Watu wengine huficha makosa. Hawa wanayaleta mezani kama watu wa kwetu wanavyoleta magonjwa, kila mmoja akitaka lake liwe baya kuliko la jirani. Mmoja anasimama anasema silinda yake ilipasuka kwa barafu wakati wa Krismasi, wenzake wanaitikia, "Aaa!" Mwingine anasema yake iliyeyuka pistoni, wanaitikia, "Ooo!" Halafu wanaopoza injini kwa hewa wanawatukana wa maji, wa maji wanawatukana wa hewa, bia inakwisha, naitwa mimi.

Jioni moja napanda na sinia, nasikia sauti ninayoijua. Haberstroh alikuwa amesimama mbele, na mezani kwake kuna kitu kinang'aa, kimejaa mabomba membamba yasiyohesabika. Karakana ilikuwa imeshampa ile shaba. Wenzake wananyoosha shingo.

"Mabwana," alikuwa akisema, "nitawaeleza kosa lililonifikisha hapa. Katika kijiji cha Lauterweiler nilikuwa na hodhi, nilikuwa na pampu, nilikuwa na chujio. Na chujio lile, mabwana, nililiondoa mimi mwenyewe kwa mkono huu, kwa haraka na kwa kiburi."

Ukumbi mzima ukaitikia, "Aaa!"

"Ndipo nikajifunza kwamba maji ya injini yasichanganyike na maji mengine yoyote. Yawe yake, yazunguke humo humo, yapozwe na hewa."

Wakampigia makofi. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, mwalimu wa chuo, alisimama akasema mtu anayekiri kosa lake bila kuficha ndiye mwanasayansi wa kweli, na machozi yalimlengalenga. Haberstroh akainamisha kichwa kama bwana harusi.

Nikaweka sinia chini. Nilitaka kuliweka polepole, lakini vikombe vilikuwa na maoni yao.

"Bwana Haberstroh."

Aligeuka. Rangi ikamwisha usoni, kisha ikarudi yote kwa pamoja. "Bi Schwenk! Habari za siku nyingi?"

"Habari zangu umezishika wewe. Hayo uliyoyasema hapa sasa hivi, njoo uyaseme Lauterweiler."

"Bi Schwenk, hapa tunazungumzia maji na joto. Kule... kule ni mambo ya watu."

"Mtu mwenyewe ni mimi."

Wakaweka bia zao mezani wakanitazama. Nikadhani wameelewa. Kisha bwana mmoja mwenye miwani alinyanyua kalamu akaniuliza kwa heshima kubwa, "Samahani, mama, wewe ulikuwapo? Matundu ya lile chujio yalikuwa ya ukubwa gani?"

"Na maji ya jivu uliyatia kiasi gani?" akauliza mwingine.

"Na povu lilianza kabla ya kuchemka au baada yake?"

Walinizunguka. Walinivutia kiti! Hakuna mwanaume aliyewahi kunisikiliza namna ile maishani mwangu, na hakuna hata mmoja aliyesikia nilichosema. Rombach alikuwa pembeni, na safari hii alisimama. "Ni kweli," akasema kwa sauti. "Nilimwona akilitoa. Nilikuwa nimeshika pampu." Wakamshukuru kwa kuongezea. Mmoja akaliandika.

Baadaye Rombach alinifuata jikoni, akasimama karibu na karai la vyombo.

"Bi Rosine, akienda kusema, nitakwenda naye. Naapa."

"Na asipokwenda?"

"Mimi peke yangu? Mbadeni? Watanisikiliza mimi, wale?"

"Mdomo wako ulikuwa mpana sana ukitafuna mkate juu ya pipa langu."

Alichukua kitambaa akafuta vikombe viwili, akakivunja kimoja, akaondoka.

Siku yangu ya mapumziko nilipanda mlima kwa miguu mpaka kwa Dieterle, nikamweleza kwamba Haberstroh amekiri mbele ya ukumbi mzima. Akanisikiliza akiwa mlangoni.

"Amekiri kwa nani?"

"Kwa wahandisi."

"Basi wahandisi wakupe ufunguo," akasema. "Baraza linasikia kinachosemwa barazani. Mlete aseme mwenyewe, nami nitakurudishia leo hii, maana huyu binamu wa mke wangu ameshaniharibia shati la tatu."

Nimemtumia Haberstroh salamu kwa kila anayepanda ghorofani. Anajibu kwamba ana kazi nyingi. Zamani angalau wangelazimika kusimama Lauterweiler kuomba maji, na ningeweza kumngoja pale mlangoni. Sasa motokaa zake zina zile tambi mbele, maji yanazunguka humo humo, na zinaupanda mlima na kupita kijiji bila kusimama. Watu wanasema ni maendeleo makubwa.

Traugott Haberstroh bado ana deni la maneno kwangu: "Chujio nililiondoa mimi." Awe amesimama, awe katika chumba kile kile, na Dieterle awe kwenye kiti chake. Fidel Rombach ana lake: "Nilimwona." Na Dieterle, wakishamaliza hao wawili, ana ufunguo wa kunirudishia mkononi. Baraza hukaa kila mwanzo wa mwezi, baada ya ibada, na mlango huwa wazi.